Taa ya Saba

Siku mliyoniaga mlinipa maiki, nikasema "asanteni", nikakaa. Mlicheka, na mlikuwa na haki ya kucheka. Mtu amefanya kazi ya mawasiliano maisha yake yote, halafu akipewa maiki ana neno moja tu. Haya ndiyo niliyokuwa nimekusudia kuyasema. Nimeyaandika kwa wiki tatu, kwa kalamu, kwa sababu mimi ni wa darasa la saba na naandika polepole. Tangu zamani naandika polepole, na mtaona kwamba hilo ndilo lililonipa kazi.

Nyie vijana wa chumba cha kompyuta mnajua mnachofanya kuliko mimi. Nimewaangalia mkiweka yale majaribio yenu: kompyuta inabisha hodi yenyewe kwenye kila huduma ya mtandao, kila dakika, mchana na usiku. Huduma ikijibu, inawekewa alama ya kijani. Isipojibu, simu zenu zinalia na mmoja wenu anaacha chapati yake mezani. Mlidhani mama wa pembeni haelewi. Nilikuwa nakaa pale na chai yangu nashangaa, na sikuwa nashangaa kwamba ni mambo mapya. Mambo hayo hayo niliyaona Mpanda miaka ya tisini, yamepigiliwa misumari kwenye ubao wa mninga.

Nilifika Mpanda mjini nikiwa msichana, nikitokea kwenye makazi yetu tuliokuja kutoka Burundi. Mama alinisindikiza hadi lilipokuwa linapita lori la tumbaku, akaniambia, "Mwana wanje," yaani mwanangu, "ukiongea na watu watazame usoni." Nilimwahidi. Sikuweza hilo kwa muda mrefu.

Kazi ilikuwa katika chumba cha redio, nyuma ya stoo ya dawa. Ofisi yetu ilihudumia zahanati za vijijini, na kila moja ilikuwa na redio ya upepo inayotumia betri ya gari na kioo cha jua. Vituo vilikuwa kumi na kimoja. Simu hazikuwepo huko, na masika ikianza barabara nazo ni kama hazipo. Nesi akiishiwa dawa, au akizidiwa na mgonjwa, redio ndiyo ilikuwa mdomo wake.

Mkuu wa chumba alikuwa Fundi Kasonso, Mfipa mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba. Aliweka skrubu zake katika makopo ya jamu, na alijua kila skrubu ilitoka redio gani. Tulikuja wasichana wawili kuomba nafasi moja. Alitusomea ujumbe wa majaribio, majina ya dawa na idadi zake, tuandike. Mwenzangu alimaliza mapema akaweka kalamu chini. Mimi nilimaliza wakati Fundi ameshachemsha chai na kuinywa. Alizitazama karatasi zote mbili.

"Huyu ameandika chupa sabini," alisema, "nami nilisema kumi na saba. Wewe unaitwa nani?"

"Domitila."

"Domitila, unaandika kama kinyonga anavyotembea. Lakini hakuna chupa iliyopotea. Utaanza Jumatatu."

Jumatatu hiyo ndipo nilipojua kwamba kazi haikuwa kuandika peke yake. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi niliwasha redio na kuviita vituo vyote kwa sauti, kimoja baada ya kingine. Wakati naita kimoja, vingine kumi vinasikiliza. Sijui kama mnaelewa maana yake kwa mtu mwenye haya. Nilikuwa nashindwa hata kuomba chumvi kwa jirani, na sasa nilitakiwa kuusalimu mkoa mzima.

"Kasekese, Kasekese, hapa Mpanda. Mmeamkaje? Ova."

"Tumeamka salama, Mpanda. Leo mbona sauti kama ya mtu aliyejificha kabatini? Ova."

Kisha kicheko kutoka Litapunga, ambako alikuwepo Mzee Gwasa, mganga msaidizi, mtu wa utani. "Mwacheni binti. Kabati lenyewe halina mlango." Nilitoka jasho hadi daftari likalowa.

Katika salamu hizo kulikuwa na jambo nililolichukulia kama hewa, bila kulifikiria. Ukiuliza umeamkaje, jibu ni salama. Hata mgonjwa hoi kitandani atasema salama kwanza. Kwetu kwa Kirundi ukiulizwa amakuru unasema ni meza, hata nyumba ikiwa imeungua jana. Dereva wetu, Baba Njile, Msukuma aliyekuja Katavi na ng'ombe wa baba yake na kubaki na gari, kwao wanajibu mhola, na yeye alijibu mhola hata siku alipovunjika kidole. Ni adabu. Humtupii mtu shida zako kabla hajakaa. Habari yenyewe inakuja baadaye, nyuma ya neno ila. "Salama, ila dawa ya malaria imeisha." "Salama, ila tumepata msiba." Ukikata maongezi kwenye salama, umepata adabu na umekosa habari.

Fundi Kasonso aliona ninavyoteseka. Sidhani kwamba alitengeneza ile mashine kwa ajili yangu, maana alikuwa ameshaanza kukusanya vyuma kabla sijafika. Lakini aliponiona nimeshika maiki kama mtu aliyeshika nyoka, alizidisha kasi.

Zile redio zilikuwa na namna ya kuitana kwa namba. Mpanda tulikuwa na kisanduku cha kuitia. Ukibonyeza namba ya kituo, redio ya kituo hicho peke yake inaimba, halafu kisanduku chake kidogo kinajibu chenyewe kwa milio minne mifupi. Pi, pi, pi, pi. Hata nesi akiwa shambani, redio inajibu. Siku Fundi aliponionyesha kwa mara ya kwanza, alibonyeza namba ya kituo kilicho mbali kupita vyote, ng'ambo ya mapori, mwendo wa siku nzima kwa gari. Hatukuwa tumepumua mara mbili na jibu likawa limekwisha fika. Hakukuwa na mtu upande ule. Kilikuwa chuma kinaitikia chuma, juu ya miti yote ile na tembo wote wale. Nilimwomba arudie. Akarudia. Nilimwomba tena, akasema betri ya watu hiyo.

Ubao wake ulikuwa hivi. Alichukua saa ya mezani ya kengele, akaifanya kinyundo chake kiguse waya badala ya kengele. Alipata swichi ya kuzunguka kutoka mitambo ya simu iliyotupwa, yenye meno mengi. Saa ikifika kumi na mbili na nusu, kinyundo kinagusa, swichi inazunguka jino moja, na kisanduku kinaita kituo cha kwanza. Kinangoja muda wa kuhesabu hadi nane. Milio minne ikirudi, taa ya kituo hicho inawaka na kubaki inawaka. Isiporudi, taa inabaki gizani, na swichi inakwenda jino linalofuata. Taa zilikuwa balbu ndogo za baiskeli, kumi na moja, kwenye ubao wa mninga uliorandwa vizuri, kila balbu na namba yake.

Kabla ya kuutumia, Fundi alisema jambo ambalo nimelibeba hadi leo. "Taa ambayo hujawahi kuiona ikizimika, usiiamini ikiwaka." Alikuwa na redio ya majaribio nyumbani kwake Ilembo, akaiunganisha kama kituo cha kwanza, akamwagiza mkewe aizime asubuhi ile kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Saa ikafika, swichi ikazunguka, taa ya kwanza ikawaka.

"Hajazima," alisema Fundi. Alipanda baiskeli kwenda Ilembo, akarudi jasho linamtoka. "Amezima. Alizima tangu alfajiri, na amenitukana kwa kumwamsha."

Taa ilikuwa inawaka kwa sababu kisanduku chetu kilisikia mlio wake chenyewe kikadhani kimejibiwa. Kilikuwa kinajisalimia. Fundi alikaa siku tatu kukifundisha kuziba masikio kinapoita na kuyafungua kinapongoja. Mkewe alizima tena, na taa ikabaki gizani. Tukapeana mikono kana kwamba tumepata taa mpya, kumbe tumepata giza la kuaminika.

Asubuhi ya kwanza ubao ulipofanya kazi kweli, nilisimama mbele yake na kanga mabegani. Nje jogoo wa jirani alikuwa anawika. Taa ya kwanza ikawaka. Ya pili. Ya tatu, Kasekese. Kimya kidogo kati ya moja na nyingine, kile kimya cha kuhesabu hadi nane, ambacho ndani yake unajiuliza kama kuna kitu upande wa pili wa dunia. Kisha ikawaka. Mlangoni alisimama Baba Njile, kofia yake mkononi, na hakutania. Zilipokamilika kumi na moja alisema polepole, "Huyu mtu ameita zahanati zote, zote zimeamka, na hakufungua mdomo." Mimi nilikuwa nalia, na sikujua kwa nini. Pengine kwa sababu ilikuwa nzuri sana. Pengine kwa sababu nami sikufungua mdomo.

Manesi walipokuja mjini kuchukua dawa waliuzunguka ubao wakitafuta taa zao. Mmoja alikuwa Veronika, nesi wa kituo cha saba. Kijiji sitakitaja, wenyewe wapo na wanakijua. Alikuwa mwanamke mrefu, sauti nzito, anacheka kwa mabega. Aliigusa balbu namba saba kwa kidole.

"Kwa hiyo huyu ni mimi?"

"Ni redio yako," alisema Fundi.

"Nikiizima?"

"Inabaki giza, na Domitila atajua."

"Sawa, mdogo wangu," aliniambia. "Nikikukasirikia nitakuzimia taa."

Fundi alinipa sharti moja. Kila Jumatatu, baada ya taa, niviite vituo vyote kwa sauti kama zamani. "Taa inaijua redio," alisema, "haimjui mtu." Nilitii miezi miwili. Kisha Jumatatu moja nilikuwa na mafua, sauti imekauka, nikaangalia ubao. Kumi na moja zinawaka. Niliandika kwenye kitabu cha zamu: Vyote salama. Dunia haikuanguka. Jumatatu iliyofuata sikuwa na mafua, na niliandika hivyo hivyo.

Masika ya mwaka ule yalikuja na nguvu. Msimamizi wetu alikuwa amesafiri kwenda Sumbawanga akamwachia Fundi funguo za gari letu, ambalo lilikuwa moja tu. Asubuhi ninayotaka kuwasimulia, Baba Njile alikuwa ameshapakia masanduku ya chanjo aelekee upande wa ziwani, safari ya siku tatu. Angeondoka saa mbili.

Saa kumi na mbili na nusu ubao ukaanza. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Ya saba ikabaki gizani. Nane, tisa, kumi, kumi na moja.

Nilibonyeza namba ya saba kwa mkono. Ikawaka. Nikashukuru, nikachukua kalamu niandike kwamba imechelewa. Sijui ni nini kilichonifanya nibonyeze tena. Giza. Nikangoja, nikabonyeza. Ikawaka.

"Betri inakufa," alisema Baba Njile, aliyekuja kuaga. "Kioo cha jua kimefunikwa na majani. Nikirudi nitampelekea nyingine."

Fundi alikuwa anautazama ubao huku amevua miwani. Nami nilikumbuka kidole kirefu kwenye balbu, na ile sauti nzito: nikikukasirikia nitakuzimia taa.

Nilichukua maiki. Nilijua vituo vyote vinasikia.

"Saba, Saba, hapa Mpanda. Veronika, unanisikia? Ova."

Upepo tu.

"Saba, kama unanisikia na huwezi kusema, zima redio, hesabu hadi thelathini, kisha washa."

Nilibonyeza. Giza. Tulingoja, Fundi anahesabu kwa midomo. Nilibonyeza tena. Ikawaka.

"Mama yangu," nilisema, na maiki ilikuwa wazi.

"Domi, unaongea na balbu," alisema Baba Njile. "Betri mbovu nayo inawaka na kuzimika. Mimi nikitaka kuongea na taa nitarudi kwetu nikaongee na jua, kama babu zangu."

"Anasema kweli," alisema Fundi. "Muulize kwanza kitu cha uongo. Kama itazimika kwa uongo pia, ni betri."

Nilifikiri. "Saba, kama kutoka dirishani kwako unaiona Mpanda mjini, zima." Nikabonyeza. Ikawaka. Nikabonyeza tena, ikawaka tena.

Baba Njile alisogea karibu. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Muulize kama nilisahau kofia yangu kwake safari ile ya mwisho."

Ni kweli, nilikuwa sijaiona kofia ile muda mrefu. Niliuliza. Nilibonyeza. Giza.

Wote watatu tulitazama lile giza la balbu moja ya baiskeli. Nimeona mengi tangu siku ile. Nimeona picha zikiruka kutoka nchi hadi nchi kabla hujafumba macho. Sijaona kitu kikubwa kama hicho. Mwanamke asiye na sauti, ng'ambo ya mito iliyofurika, alikuwa ametuambia kofia ya Njile iko wapi.

"Una mgonjwa?" niliuliza. Giza.

"Ni mama mjamzito?" Giza.

Hapo nilikwama. Nilikuwa msichana asiyeolewa, na Burundi na Tanganyika yote wananisikiliza, ndivyo nilivyoona. Sikujua niulize nini, na niliyoyajua niliona haya kuyatamka. Ndipo ikaingia sauti ya Litapunga, Mzee Gwasa, bila utani hata chembe.

"Mpanda, hapa Litapunga. Binti, sikiliza. Muulize: uchungu umepita siku moja? Ova."

Niliuliza. Giza.

"Muulize: mkono wa mtoto umetangulia?"

Nilifumba macho nikauliza, neno kwa neno, kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo. Nilibonyeza. Giza.

"Gari liondoke sasa hivi," alisema Mzee Gwasa. "Msingoje hata chai."

Baba Njile alikuwa ameshatoka. Tulimsikia akishusha masanduku ya chanjo kwa pupa. Kasekese wakaingia hewani. "Mpanda, mwambieni dereva daraja la chini limezama, watu wamerudi jana. Apite juu, kwenye kivuko cha ng'ombe." Nilitoka mbio kumwambia, nikamfikia akigeuza gari. Nilimtazama usoni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Safari ile ilichukua siku nzima na sehemu ya siku ya pili. Mimi nilikaa redioni. Nilimwambia Veronika gari limeondoka, na azime kila akinisikia, nikabonyeza. Giza. Nilimwambia litapita juu. Giza. Mzee Gwasa alimweleza namna ya kumlaza yule mama, nini asifanye, nami baada ya kila sentensi nilibonyeza kujua kama amesikia. Halafu vituo vingine vikaanza kuingia, kimoja kimoja, bila kuitwa. "Veronika, hapa Kasekese, tupo." "Veronika, tupo na wewe dada." Hakuweza kumjibu hata mmoja. Taa ya saba ilikuwa inazimika kila nilipobonyeza, na kila ilipozimika nilisema hewani, "Amesikia."

Gari lilirudi mchana wa siku ya pili, limejaa tope hadi kwenye vioo. Lilipitia hospitali kwanza, kisha likaja kwetu. Baba Njile aliteremka na kofia yake kichwani.

"Mmerudije, baba?"

"Salama, mwanangu."

Siku nyingine zote ningesema asante Mungu nikarudi ndani. Siku ile nilisimama. Nilimngoja. Alivua kofia akaigeuza geuza mikononi.

"Mama yupo, wamempokea, ataishi. Ila mtoto hatukumuwahi."

Kutoka mfukoni alitoa maiki ya kituo cha saba, akampa Fundi. Waya wake ulikuwa umetafunwa na panya, umebaki nyuzi mbili. Ndiyo maana kisanduku kilijibu na Veronika hakuweza. Milio ile minne haikupita kwenye maiki. Ilitoka ndani ya chuma moja kwa moja. Veronika alikuwa bila sauti siku tisa. Siku ya uchungu alimtuma mtu kwa miguu, akakwama kwenye daraja lililozama. Asubuhi iliyofuata ndipo akakumbuka ubao.

Siku tisa. Ndani yake kulikuwa na Jumatatu moja. Ningeita kwa sauti Jumatatu ile, ningekosa jibu, na maiki mpya ingepelekwa kabla mito haijajaa. Niliingia ndani nikamfungulia Fundi kitabu cha zamu, nikamwekea kidole kwenye mistari yangu miwili. Vyote salama. Vyote salama. Mwandiko mzuri, hauna doa.

Aliisoma muda mrefu. Nilitegemea anifukuze, na ningekwenda.

"Nilitengeneza mashine ya kumruhusu mtu asiseme," alisema, "nikampa mtu asiyependa kusema. Nami nina mstari wangu humo, ila haujaandikwa." Alinirudishia kitabu. "Usifute. Andika chini yake."

Niliandika chini yake, polepole: Saba salama, ila hana sauti.

Tangu siku hiyo tulibadilisha kazi. Taa ziliendelea, maana hazikuwa na kosa, zilisema kile zilichofundishwa kusema. Lakini kila asubuhi zikishawaka nilichukua maiki na kuita kila kituo kwa sauti, na sikuuliza mmeamkaje. Niliuliza neno moja. "Kasekese, ila?" Nao walijibu. "Ila pamba imeisha." "Ila jokofu la chanjo halipoi." "Litapunga hapa, ila goti langu, binti, na hakuna dawa yake huko kwenu." Asiyekuwa na shida alitakiwa kusema kwa mdomo wake, "Hakuna ila." Waliokuja wageni walidhani tumepoteza adabu. Sikuacha kuona haya. Niliona haya kila asubuhi kwa miaka mingi, nikauliza.

Veronika alikuja mjini mito ilipopungua. Nilimpikia maharage, nikamwambia yote, na zile Jumatatu mbili. Hakunipigia kelele. Alikula, akanawa.

"Unajua kilichonichoma, mdogo wangu?" alisema. "Sikuujali sana ule ububu. Lakini kila asubuhi kisanduku kinaimba. Nasimama mbele yake, nina maneno tele. Nacho kinajibu pi pi pi pi, kinanyamaza. Kilikuwa kinanijibia. Kinawaambia mimi ni mzima, nami nimesimama hapo hapo."

Kila nilipoona skrini yenu imejaa kijani nilimsikia Veronika. Sisemi muondoe kijani. Nakiheshimu, na kila asubuhi kilinishangaza kama balbu zile. Nasema tu kwamba anayejibu mnapobisha hodi si lazima awe yule mnayemtafuta.

Siku yangu ya mwisho, kabla ya keki na hotuba iliyonishinda, nilifika mapema. Kijani tupu, juu hadi chini. Nilinyanyua simu nikapiga kituo kile cha saba, ambacho siku hizi kina jengo jipya na kompyuta. Alipokea kijana nisiyemjua.

"Habari za huko, mwanangu?"

"Salama kabisa, mama. Mtandao upo, kila kitu kinafanya kazi."

Nilingoja. Naye akangoja, kwa adabu, nikate simu. Nilisikia kuku upande wake, na mtu anafagia.

"Ila, mama," alisema, na mimi nikachukua kalamu.